Fundi Aliyekwenda Keya: Maisha ya Baba Yake Babu

Wahenga walisema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Methali hii tumeiandika katika insha tangu shule ya msingi, tena tukapewa alama kwayo, lakini mimi binafsi sikuwahi kukaa chini nikaifikiria. Niliifikiria kwa mara ya kwanza likizo ya Disemba, siku nilipomkuta baba mdogo akiburura sanduku kuukuu la mbao kuelekea langoni. Nje ya lango alikuwa amesimama mnunuzi wa vyuma chakavu na mkokoteni wake na mizani yake.

Babu alikuwa ameketi juani akiota joto, maana baridi ya Kibirichia nyote mnaijua. Akasema polepole, "Mwenye sanduku hilo alikwenda Bama."

Baba mdogo akajibu, "Alikwenda kupigania Wazungu, mzee. Hiyo nayo ni sifa ya kuwekwa nyumbani?"

Babu akanyamaza. Mimi nikaingilia kati, nikaomba sanduku lisiuzwe. Baba mdogo akacheka, akaniambia, "Haya basi, wewe msomi wa Kiswahili. Tuambie lina faida gani. Ukishindwa, likizo ijayo linakwenda kwa kilo."

Makala haya ndiyo jibu langu. Nimeyaandika kwa ajili yake, na kwa ajili yenu wanachama wenzangu, kwa sababu nina hakika kwamba katika boma nyingi za hapa kwetu liko sanduku la namna hiyo.

Yaliyomo sandukuni

Kwanza niwaambie nilichokikuta ndani. Kulikuwa na randa moja, patasi tatu, keekee ya kutobolea mbao, msumeno usio na mpini, na kopo la tumbaku. Ndani ya kopo mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, imekatika kwenye mikunjo. Hiyo ndiyo karatasi ya kuachishwa jeshi. Imeandikwa jina, nambari, mwaka wa kuingia, 1942, na mwaka wa kutoka, 1946. Mahali pa kazi imeandikwa kwamba alikuwa seremala. Mahali pa tabia imeandikwa njema sana.

Ni hayo tu! Miaka minne ya mtu imo katika karatasi isiyozidi ukubwa wa daftari langu. Ilinibidi nimuulize babu, nisome vitabu, na kuwasumbua walimu wetu wa historia, ndipo ile karatasi ikaanza kusema.

Fundi kabla ya kuwa askari

Mzee huyu, ambaye watu walimwita Fundi tu, alizaliwa yapata mwaka 1920. Tarehe haijulikani, maana wazee wetu walihesabu umri kwa marika wala si kwa kalenda. Serikali ya Waingereza ilikuwa haijakaa Meru miaka mingi. E. B. Horne, ambaye Wameru walimwita Kangangi, alifungua kituo cha serikali Meru mwaka 1908. Wamisheni wa Kimethodisti walianza kazi yao Kaaga mwaka 1912.

Msidhani kwamba kabla ya hapo hapakuwa na mafundi. La hasha! Wahunzi walifua mikuki na visu, na wachonga mbao walichonga mizinga ya nyuki na vigoda. Kilichokuja na wageni ni aina nyingine ya ufundi: mbao zilizopasuliwa kwa msumeno, milango yenye bawaba, meza, madirisha. Kijana aliyejua kazi hiyo alipata riziki. Fundi aliianza akiwa mtoto wa kubeba mbao na kufagia maranda misheni. Baadaye akaruhusiwa kushika randa. Kisha akawa anatengeneza milango na nguzo katika mashamba ya walowezi upande wa Timau. Mlima wetu, upande huu wa kaskazini ulio mkavu, una mtarakwa, na nguzo ya mtarakwa hukaa ardhini miaka mingi bila kuoza. Babu anasema baba yake aliweza kuitambua mbao kwa harufu tu, hata akiwa amefumba macho.

Je, alijitolea kweli?

Hili ndilo swali la baba mdogo, nami sikutaka kulikwepa. Kwa nini mtu mwenye kazi yake aende vitani?

Vita Vikuu vya Pili vilianza Septemba 1939. Jeshi la Waafrika katika makoloni ya Waingereza huku kwetu liliitwa King's African Rifles. Liliundwa mwaka 1902, na kwa kifupi likaitwa KAR, ambayo kinywani mwa wananchi ikawa Keya. Vita vilipopamba moto, jeshi lilihitaji watu wengi mno. Kufikia mwisho wa vita, watu zaidi ya laki tatu kutoka Afrika Mashariki walikuwa wametumika. Siyo wote walioshika bunduki. Kulikuwa na madereva, wapishi, wahudumu wa hospitali, na mafundi wa kikosi cha uhandisi, ambao kazi yao ilikuwa barabara, madaraja na majengo.

Kwa sheria, askari wa Keya alihesabiwa kuwa amejiandikisha kwa hiari. Lakini hiari ya wakati ule mnapaswa kuielewa. Mwanamume Mwafrika alidaiwa kodi kila mwaka. Tangu mwaka 1920 alilazimika kuvaa kipande shingoni, ambacho ndani yake mwajiri aliandika mshahara wake. Machifu nao waliambiwa walete vijana. Kwa hiyo mlango wa jeshi ulikuwa wazi, na nyuma ya kijana kulikuwa na mkono unaomsukuma.

Nilimuuliza babu, "Sasa baba yako alisukumwa au alikwenda mwenyewe?"

Akanijibu, "Alisema alikwenda kwa sababu jeshi lilikuwa na vyombo vya kazi ambavyo hajawahi kuvishika."

Mimi namwamini. Alishuka kwa miguu kupitia Timau hadi Nanyuki, akalala njia moja usiku, akaandikwa. Walipomuuliza kazi akasema seremala. Wakampa ubao na msumeno, wakamwambia aunge pembe ya kisanduku. Akaiunga. Ndivyo alivyoingia Keya: kwa mtihani wa mbao, si wa bunduki, ingawa kwata na bunduki alifunzwa pia kama kuruti yeyote.

Jina lilivyopotea

Hapa naomba Wameru wenzangu mnisikilize vizuri. Jina lililo kwenye karatasi si jina lake! Majina ya wazee wetu wengi huanza kwa M' na kituo kidogo juu, kama M'Imanyara, yaani wa Imanyara, mtoto wa mtu fulani. Karani wa jeshi hakuijua ile M'. Aliandika alivyosikia, akaunganisha herufi, na jina la baba likawa ndilo jina la mwana. Ukitafuta jina halisi la mzee wetu katika orodha yoyote ya jeshi hutalipata. Ukitafuta lile la karani, unapata mtu ambaye hatukuwahi kuwa naye nyumbani. Nambari peke yake ndiyo iliyo sahihi.

Kiswahili cha Keya

Fundi alikwenda jeshini akijua Kimeru na maneno machache ya misheni. Alirudi akisema Kiswahili. Jeshini alikutana na Wakamba, Wanandi, Waganda, Wanyamwezi na watu wa Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Wangesemaje bila lugha moja? Hata afisa Mzungu alitakiwa kujifunza Kiswahili.

Lakini jamani, Kiswahili chenyewe! Mwalimu wetu angekitia wino mwekundu toka juu hadi chini. Ngeli zilikuwa zimepigwa marufuku. Mtu alisema "kitu yangu", "watu mingi", "wewe nakwenda wapi". Wataalamu wanakiita Kikeya. Babu anasema baba yake alizungumza hivyo mpaka kufa, na watoto waliokuwa shule walimcheka. Sasa nimeacha kucheka. Lugha hiyo yenye mapengo ndiyo iliyowawezesha watu wa makabila mengi kuambiana "lala chini" kwa wakati unaofaa. Tena wengi walijifunza kusoma kwa Kiswahili huko huko, kwa sababu jeshi lilikuwa na kikosi cha elimu, na askari wetu waliokuwa Asia walikuwa na gazeti lao lililoitwa Heshima. Maneno kadhaa tunayotumia leo bila kufikiri yana harufu ya kambi: kwata, kuruti, koplo, sajini. Na lile soko la Kariakoo la Dar es Salaam lilipata jina lake kutokana na wapagazi wa jeshi wa vita vya kwanza, Carrier Corps.

Ng'ambo

Kabla Fundi hajajiandikisha, Keya ilikuwa imekwisha kupigana na Waitaliano huko Somalia na Ethiopia, na Addis Ababa ilikuwa imechukuliwa tangu tarehe 6 Aprili 1941. Waitaliano waliotekwa waliletwa Kenya kwa maelfu. Baadhi yao walifungwa kambini Nanyuki, hapo tu jirani. Mnaujua mkasa wa Felice Benuzzi? Mnamo Januari 1943 yeye na wenzake wawili walitoroka kambi hiyo, wakapanda Mlima Kenya, wakasimika bendera ya Italia kwenye kilele cha Lenana, kisha wakarudi wenyewe kambini! Vyuma vyao vya kupandia barafu walivitengeneza kwa siri kwa vipande vya chuma walivyookota. Babu anasema baba yake aliupenda sana mkasa huo, na kila mara aliumaliza kwa kusema, "Wale walikuwa mafundi."

Mwaka 1943 ikaundwa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ikapelekwa Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo. Fundi alivuka bahari pamoja nayo. Safari ile ya bahari haikuwa mchezo. Tarehe 12 Februari 1944, meli Khedive Ismail, iliyotoka Kilindini ikielekea Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldivi. Ilizama kwa dakika chache tu. Watu karibu 1,300 walikufa, na zaidi ya nusu yao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Fundi alikuwa tayari ng'ambo. Alikuwa na rafiki ndani ya meli hiyo. Babu hakumbuki jina la rafiki huyo, ila anakumbuka kwamba baba yake hakuwahi tena kula samaki.

Katikati ya mwaka 1944 divisheni ilipelekwa Burma, ambayo sasa inaitwa Myanmar, kuwasukuma Wajapani katika bonde la Kabaw. Walifika wakati wa masika ya huko. Mvua ilinyesha kutwa kucha, malaria ikashika watu, magari yakazama matopeni. Hapo ndipo msumeno ulipokuwa na thamani kuliko bunduki. Mafundi walikata miti, wakalaza magogo kando kwa kando juu ya matope, gogo baada ya gogo, mpaka ikawa barabara ya kupita malori. Chakula kiliangushwa kwa ndege. Tarehe 2 Desemba 1944 askari wetu waliingia Kalewa, kwenye ukingo wa mto Chindwin. Hapo wahandisi wa jeshi waliunga daraja la vyuma lenye urefu wa zaidi ya mita 350, ambalo kwa aina yake lilikuwa refu kuliko yote duniani wakati huo. Vipande vyake viliunganishwa kwa pini, kama mtu anavyounga kitanda. Jambo hilo Fundi alilisimulia mpaka watoto wakachoka. Kuhusu kuua au kukoswa kuuawa hakusema neno.

Kurudi nyumbani

Alirudi mwaka 1946. Sasa nifike penye uchungu. Askari wa Kizungu walipoachishwa jeshi walifunguliwa mpango wa kupewa mashamba katika nyanda za juu, nchi ambayo Mwafrika hakuruhusiwa kumiliki. Askari Mwafrika hakupewa shamba. Hata malipo ya kuagia jeshi yalipangwa kwa rangi: nyaraka zilizotangazwa na waandishi wa habari mwaka 2019 zilionyesha kwamba Mwafrika angeweza kulipwa theluthi moja tu ya alicholipwa Mzungu wa cheo kile kile. Kwa pesa yake Fundi alinunua randa, patasi na keekee, na kwa mbao za mtarakwa akaliunda sanduku lenyewe. Kwa hiyo vyombo vile ndivyo malipo yake ya vita.

Wengine waliorudi hawakuvumilia. Mfano unaojulikana ni Waruhiu Itote wa Nyeri. Aliingia Keya mwaka 1942, akapigana Burma akiwa koplo. Katika kitabu chake cha mwaka 1967 anaeleza jinsi alivyofumbuliwa macho huko Asia na mazungumzo na mwanajeshi mweusi kutoka Marekani. Aliporudi alifanya kazi ya kuchochea moto katika garimoshi, kisha akaingia msituni. Akawa Jenerali China, kiongozi wa Mau Mau katika Mlima Kenya, mpaka alipojeruhiwa na kukamatwa Januari 1954. Mlima ni ule ule tunaouona kupitia dirisha la darasa letu.

Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Msituni bunduki zilikuwa chache, basi mafundi wakaziunda kwa mabomba ya maji, komeo za milango, mipira ya baiskeli na vitako vya mbao. Fikirini basi hali ya mtu aliyekuwa Keya, mwenye keekee na patasi, akiishi ukingoni mwa msitu. Serikali ingemwona mtengeneza bunduki. Watu wa msituni wangemtaka awe hivyo. Babu alikuwa na miaka sita. Anakumbuka usiku mmoja wa mwaka 1954 baba yake alifukua mafiga jikoni, akachimba shimo, akavifunga vyombo kwa ngozi ya mbuzi na kuvizika, kisha akarudisha mafiga na kuwasha moto juu yake. Haukupita muda wakahamishwa na kuingizwa katika kijiji cha dharura, kama walivyohamishwa watu zaidi ya milioni moja wa Kikuyu, Embu na Meru.

Nikauliza, "Babu, aliwahi kutengeneza bunduki?"

Babu alitazama mlima kwa muda. Akasema, "Nilimuuliza hivyo hivyo. Akaniambia kitako cha bunduki ni mbao kama mbao nyingine. Sijui alimaanisha nini."

Nami sijui. Hali ya hatari ilipoondolewa Januari 1960, alivichimbua vyombo. Randa ilikuwa imeshika kutu upande mmoja, na alama hiyo iko mpaka leo. Akaanza tena kutengeneza milango. Alifariki mwaka 1987.

Jibu langu

Jijini Nairobi, katika barabara ya Kenyatta, ziko sanamu tatu za Waafrika wa vita vya kwanza, zilizosimamishwa mwaka 1928. Chini yake kuna maandishi, ya Kiswahili pia, yanayoahidi kwamba mtu akipigania nchi yake, hata akifa, watoto wake watalikumbuka jina lake. Ahadi nzuri. Lakini jina la mzee wetu waliliandika vibaya, na nchi aliyoipigania ilimkataza kununua shamba. Ahadi hiyo basi haiwezi kutimizwa na sanamu. Yaachiwe watoto wenyewe.

Kwa hiyo, baba mdogo, jibu langu ni hili. Sijasema kwamba vita vile vilikuwa vyetu. Ninasema kwamba jeshi lilimchukua fundi na kumrudisha fundi, na katikati lilimpa jina lisilo lake. Sanduku hili ndilo cheti pekee kisicho na kosa.

Wenzangu, likizo hii waulizeni wazee mambo matatu. Kwanza, kama kuna karatasi yoyote, muinakili nambari, kwa sababu nambari haikosewi kama jina. Nayo mtaweza kwenda nayo Hifadhi ya Nyaraka za Taifa pale Nairobi. Pili, jina kamili lilivyotamkwa nyumbani, pamoja na ile M' yake. Tatu, kazi aliyoijua kabla ya kuvaa sare, maana mara nyingi kazi ndiyo inayoeleza alipelekwa wapi na alifanya nini huko. Msingoje. Babu yangu ameanza kunichanganya na baba yangu kwa majina, na mengi niliyoyaandika hapa yalikuwa kichwani mwake peke yake.

Nilipomsomea baba mdogo makala haya, hakusema kitu. Kesho yake nilimkuta anautia msumeno mpini mpya.

Hapo natia nanga. Wasalaam.